Mwanasesere Anayefundisha Manesi

Hivi umewahi kujiuliza, nesi mwanafunzi anaanza kujifunza kwa mgonjwa gani? Zamani ilikuwa ni yeyote aliyelala kitandani, masikini! Mwaka 1911 hospitali moja ya mji wa Hartford, Marekani, ikapata mgonjwa wa bandia: mwanasesere mwenye ukubwa wa mtu mzima, jina lake Bibi Chase. Wanafunzi wakamgeuza na kumwogesha mpaka wakazoea, naye hakulalamika hata siku moja.

Siku hizi wapo hata vichanga wa bandia. Kimoja ukikijaza lita mbili za maji ya uvuguvugu, kinakuwa kizito na kulegea kama mtoto halisi. Mwalimu anabinya vipira vidogo kukifanya kilie au kipumue. Asipobinya, kimya. Hapo ndipo kasheshe! Mtoto aliyezaliwa bila kupumua anatakiwa akaushwe, asuguliwe mgongo, na kama bado, aanze kupewa hewa kwa mfuko na kinyago, yote ndani ya dakika moja. Kichwa kikikaa vibaya, au hewa ikivuja pembeni ya kinyago, kifua hakipandi. Kila mtu pale chumbani anaona.

Lakini usidhani mwanasesere peke yake anatosha. Mwaka 2010, wahudumu wa hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, walipata mafunzo hayo kwa siku moja. Miezi saba baadaye walipopimwa kwa mwanasesere, walifanya vizuri kuliko mwanzo. Kwa watoto wenyewe wodini, kumbe mambo ni yale yale! Ndipo kuanzia 2011 wakabadili mtindo. Mazoezi yakafanyika pale pale kazini, dakika 3 hadi 5 kila wiki, na dakika 40 mara moja kwa mwezi. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Sababu si ngumu kuielewa. Kujua jambo kichwani ni kitu kimoja, lakini saa nane za usiku, mama analia na bibi wa mtoto anagonga mlango, inayofanya kazi ni mikono iliyozoea.

Baada ya zoezi wote wanakaa chini kuulizana: tulianza saa ngapi kumpa hewa? Nani alishika kinyago? Aliyekosea hachekwi. Akichekwa, wiki ijayo hatakuja.