Unyevu wa Ngozi Hauletwi na Vidonge

Mkulima wa mwani wa Mlingotini, wilayani Bagamoyo, huingia shambani maji yanapokupwa wakati wa bamvua, akainama saa kadhaa kwenye chumvi na jua kali. Mikono ikianza kupauka na kupasuka, hakosi wa kumshauri anunue unga au vidonge vya kolajeni ili ngozi ipate unyevu kutoka ndani. Naamini fedha hiyo ingemfaa zaidi kwingine. Tabaka la juu la ngozi limejengwa kama kuta za Mji Mkongwe wa Bagamoyo: seli zilizokufa ndizo mawe ya matumbawe, na mafuta yaliyo kati yake ndiyo chokaa. Chumvi, upepo na sabuni kali vikiyaondoa mafuta hayo, maji ya mwilini huvuja na kupotelea hewani. Kolajeni ni protini iliyo chini ya tabaka hilo, na ukiimeza, tumbo na utumbo huivunja kuwa vipande vidogo na asidi amino, sawa na protini ya samaki.

Watetezi wake husema tafiti zimeithibitisha. Kweli, uchambuzi wa mwaka 2021 uliojumlisha majaribio 19 yenye washiriki 1,125 ulionyesha unyevu kuongezeka. Lakini uchambuzi wa mwaka 2025, uliojumlisha majaribio 23, ulitazama pia nani aliyelipa gharama: majaribio yasiyofadhiliwa na kampuni za dawa hayakuonyesha faida yoyote. Faida inayotoweka mfadhili akiondoka haitoshi kumfanya mtu wa kipato kidogo atoe fedha kila mwezi. Wengine husema basi tule mwani, una kolajeni. Hauna, kolajeni ni ya wanyama, na kinachovunwa kwenye mwani ni karajinani, aina ya wanga, si protini.

Dawa ya karibu ipo. Jaribio la Ufilipino lililochapishwa mwaka 2004 liliwapa wagonjwa 34 wenye ngozi kavu mafuta ya nazi au mafuta ya madini, wakapaka mara mbili kwa siku kwa wiki mbili. Mafuta yote mawili yaliongeza unyevu. Kwa hiyo oga maji baridi au ya vuguvugu, suuza chumvi yote, kisha paka mafuta ngozi ikiwa bado na majimaji. Fedha iliyobaki nunua dagaa na mboga. Na ukavu ukiambatana na kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, nenda kituo cha afya ukapime kisukari. Hapo hata mafuta hayatoshi.