Kadi ya Bima na Jino Linalouma: Nani Hulipa Nini?

Katika vijiji vya Mpitimbi, Wilaya ya Songea, fedha huingia nyumbani mahindi yanapouzwa baada ya mavuno. Jino huuma hata Januari, wakati mfuko umekwisha kwa mbolea na mahitaji ya shule. Ndiyo maana suala la malipo huamua hatima ya jino kuliko wengi wetu madaktari tunavyokiri.

Namkumbuka mama mmoja wa eneo hilo, mzazi wa mwalimu, aliyenifikia shavu likiwa limevimba. Kwa miezi minne alikuwa akisukutua kwa maji ya chumvi na kununua vidonge vya maumivu. Kadi ya bima alikuwa nayo, ila aliamini ni ya mwanawe. Zaidi ya hayo, katika kituo kimoja alikwisha kuambiwa dirishani kwamba “bima hailipi meno.” Jino ambalo lingezibwa kwa muda mfupi nililazimika kuling’oa.

Kadi ilikuwa yake pia. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, hupokea asilimia 6 ya mshahara wa mtumishi, nusu ikitolewa na mwajiri. Huduma humhusu mwanachama, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne, wakiwamo wazazi waliosajiliwa. Matibabu ya kinywa na meno ni sehemu ya mafao hayo: kung’oa, kuziba, hata tiba ya mzizi wa jino. Kung’arisha meno kwa ajili ya urembo, hapana. Gharama hiyo ni ya mgonjwa.

Alichopaswa kuambiwa mama yule ni kwamba “hapa hatuna huduma ya kuziba.” Kauli hiyo na ile ya “bima hailipi” hutofautiana sana. Ya kwanza humpa mgonjwa rufaa, na ya pili humrudisha nyumbani. Naomba wenzangu wa dirishani na wa chumba cha meno tuitunze tofauti hiyo kama tunavyotunza vifaa vyetu.

Kwa kaya zisizo na mwajiri, Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, ulioenea mikoani tangu 2018, uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Kiasi hicho kililipika wakati wa mavuno, kabla fedha hazijatawanyika. Hapa ngazi za huduma zina uzito mkubwa: mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hupanda kwa rufaa hadi hospitali ya mkoa. Anayeruka ngazi bila barua ya rufaa, ilhali hali yake si ya dharura, ajiandae kulipa mwenyewe. Nauli ya bodaboda na basi hailipwi na kadi, nayo wakati mwingine huzidi gharama ya kung’oa jino.

Kanuni hubadilika. Kitita kipya cha mafao ya NHIF kilianza kutumika Machi 1, 2024, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadili utaratibu mzima. Kwa hiyo mgonjwa asitegemee jibu alilopewa jirani mwaka juzi. Kabla ya ganzi aulize: tiba hii imo katika kadi yangu? Nitaongeza kiasi gani? Akilipa, adai risiti. Mtoa huduma naye ataje bei mapema. Kumtajia mtu deni akiwa amefumba pamba mdomoni si haki.

Asiye na kadi wala fedha asijifiche. Sera ya afya inatoa msamaha kwa watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Wengine wasiojiweza huelekezwa kwa afisa ustawi wa jamii. Na iwapo uvimbe umeshuka chini ya taya, kumeza ni kwa shida au pumzi inabana, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Maambukizi hayo huweza kuziba njia ya hewa. Mazungumzo ya kadi yatafanyika akiwa anapumua vizuri.