Mtoto anaboeka upesi: je, ana ADHD?

“Anayeboeka upesi ni mvivu.” Si kweli. Mfikirie mvulana wa Kibosho aliyetumwa kuchuma kahawa kihambani, shamba la nyumbani kwao. Kazi hiyo inataka subira: unachuma zilizoiva tu, mbichi unaziacha, siku nyingine unarudi mti uleule. Ukigeuka, ndoo imeachwa chini ya mgomba na mwenyewe yuko kwenye mfongo, mfereji wa kumwagilia, anaziba maji kwa mawe na maganda ya mgomba. Hapo atakaa hadi jioni, hata akiitwa kula hasikii. Bibi yake atasema anafanya makusudi, mbona kwenye mchezo anaweza?

Swali hilo limewaponza watoto wengi. Mwenye ADHD, yaani shida ya umakini na utulivu, umakini anao. Kinachomshinda ni kuuelekeza pale unapohitajika. Tafiti za ubongo zinahusisha hali hii na dopamini, kemikali inayochangia mtu kuona kazi fulani inastahili jasho lake. Maji yanayopanda nyuma ya mawe yanamlipa papo hapo. Kahawa italipa msimu ukiisha, tena atakayelipwa ni baba. Kwa mtoto huyu kazi ya kurudiarudia huwa nzito kuliko kwa ndugu zake, na kumwita mvivu ni kumwonea.

“Basi kila anayeboeka sana ana ADHD.” Si kweli pia, na hapa ndipo pa kuwa waangalifu zaidi. Daktari hutafuta dalili zilizoanza kabla ya miaka 12, zilizodumu angalau miezi 6, zinazoonekana nyumbani na shuleni pia, na zinazomkwamisha mtoto kweli. Anayesinzia kwenye hesabu tu, ndani ya darasa lililofurika, lakini akitumwa soko la Mbuyuni anarudi na kila kitu na chenji kamili, shida yake itafutwe darasani kwanza. Huenda haoni ubao. Huenda hasikii vizuri, au ameshuka mlima asubuhi bila kunywa hata uji.

Tena kuna kifafa kisicho na kuanguka: mtoto anaduwaa sekunde chache, mwalimu anadhani amechoshwa na somo. Mara nyingine kifafa na shida ya umakini huenda pamoja. Utafiti wa Wilaya ya Hai uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta karibu theluthi mbili ya watoto wenye kifafa wana matatizo ya tabia, ya umakini yakiwemo. Kwa wenzao wasio na kifafa ilikuwa kama mmoja kati ya watano. Kwa hiyo, mama, kabla hujakubali jina lolote mtaani, omba mtoto apimwe macho, masikio, na aulizwe habari za kuduwaa.

“Huo ni ugonjwa wa Wazungu.” Si kweli. Makadirio ya dunia ni kama watoto 5 katika kila 100, na hali hii hurithiwa sana. Nchini Uganda imeonekana hata kwa watoto waliopona malaria kali.

“Akikua itaisha.” Nusu kweli. Kukimbiakimbia hupungua, kuboeka na kuacha mambo njiani mara nyingi hubaki hadi utu uzima.

“Fimbo itamnyoosha.” Si kweli, na ningependa kila mwalimu mkuu alisikie hili. Fimbo inamtuliza kwa dakika chache, kisha inamfundisha kuichukia shule. Kinachosaidia ni kazi iliyokatwa vipande vifupi, sifa inayotolewa palepale, wazazi wanaofundishwa namna ya kumwongoza, na kwa baadhi, dawa chini ya uangalizi wa daktari. Moshi ina bahati: hospitali ya KCMC ina pia chuo kinachofundisha wataalamu wa tiba kwa vitendo, watu waliosomea jinsi ya kumpangia mtoto wa namna hii siku yake. Darasani mwalimu anaweza kuanza kesho: amkalishe mbele, ampe maswali matatu badala ya kumi, akimaliza amtume kukusanya madaftari ya wenzake, kisha ampe matatu mengine.