KANISA LA KILIMANI PALE MATHARI NA MJI WA NYERI

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeizoea sana darasani, na wengi wetu tukiisikia huwaza kile kitabu cha madeni kinachowekwa chini ya kaunta pale dukani. Mimi niliielewa kwa njia nyingine Jumamosi moja ya muhula wa pili, wakati sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tulipozuru kanisa la Waitaliano lililoko Mathari na baadaye mji wa Nyeri. Katika makala haya nitaeleza mahali hapo ni pa namna gani, palianzaje, na mtu akienda aangalie nini. Nitaeleza pia jambo ambalo nyanya yangu alinituma.

Usiku wa kuamkia safari nilikuwa nikipiga pasi sare yangu. Shosho (ndivyo sisi tunavyomwita nyanya) akaniuliza tunakwenda wapi hata ninyooshe nguo hivyo. Nikamwambia tunakwenda kuona kanisa ambamo Waitaliano waliokufa vitani wamezikwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ukifika huko, mjukuu wangu, uangalie vizuri vile wamewekwa. Ukirudi uje uniambie." Sikumwelewa. Nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Shule yetu ni ya kutwa na haina basi, kwa hivyo tulichanga nauli tukakodi matatu. Tulioenda hatukuwa wa dhehebu moja. Kulikuwa na Wakatoliki, Wapresbiteri, Waislamu wawili na wengine ambao wakiulizwa hucheka tu. Mlezi wetu alituonya kabla hatujashuka: pale ni mahali pa ibada na pia ni makaburini, kwa hivyo kofia zivuliwe na midomo ifungwe. Ajabu ya mambo ni kwamba hata yule makanga wetu mwenye kelele alivua kofia yake.

Nyeri iko kilomita 150 hivi kaskazini mwa Nairobi, katikati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Mathari iko nje kidogo ya mji, upande wa kilima cha Nyeri. Wamisionari wa Consolata waliotoka Turin, Italia, waliingia Kenya mwaka 1902, na Mathari ikawa mojawapo ya vituo vyao vikubwa. Hadi leo utakuta hospitali na shule huko. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyetuzwa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, alisoma pale alipokuwa msichana mdogo. Lakini kanisa tulilokwenda kuliona halikujengwa kwa ajili ya misheni. Lilijengwa kwa ajili ya maiti.

Ndio, msomaji, usishtuke. Ukiingia ndani, kitu cha kwanza unachokiona ni kuta. Zimejaa makaburi madogo yaliyopangwa kwa safu, moja juu ya jingine, kila moja limefungwa kwa jiwe, na juu ya jiwe kuna jina la mtu. Humo mna mabaki ya Waitaliano 676. Mbele ya madhabahu amezikwa mkubwa wao, Amedeo wa Savoia, Duki wa Aosta. Duki ni cheo cha juu, na yeye alikuwa mtu wa ukoo wa kifalme. Ndani mna baridi na kimya. Tulitembea polepole tukisoma majina kwa kunong'ona, na tulishindwa kuyatamka mengi, lakini tuliendelea kusoma.

Sasa swali ni hili: Waitaliano hao walitafuta nini Nyeri? Mwaka 1935 Italia ilivamia Uhabeshi, jirani yetu wa kaskazini, na mwaka uliofuata ikaitawala kwa nguvu. Majeshi yake yalitumia hata gesi ya sumu. Duki wa Aosta alitumwa mwaka 1937 kuwa mtawala mkuu wa eneo lote ambalo Italia ililishika Afrika Mashariki. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, Waingereza waliingia Uhabeshi na majeshi yao, wakiwemo Waafrika wengi kutoka Kenya na kwingineko. Mnamo Mei 1941 Duki alizingirwa katika mlima wa Amba Alagi, akasalimu amri. Yeye na maelfu ya askari wake waliletwa Kenya wakiwa mateka.

Mateka hao waliwekwa katika kambi nyingi, kama vile Nyeri, Nanyuki, Londiani na Eldoret. Wengine walifanyizwa kazi. Wale waliojenga barabara ya kuteremka Bonde la Ufa kuelekea Naivasha ndio waliojenga kile kikanisa kidogo kilicho kando ya barabara karibu na Mai Mahiu, mwaka 1942. Kuna kisa kingine kilichotuchekesha sana. Mnamo Januari 1943 mateka watatu walitoroka kambi ya Nanyuki, si ili wakimbilie kwao, bali ili wapande Mlima Kenya! Wawili walifika kilele cha Lenana wakaacha bendera yao huko, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe wakafungwa. Mmoja wao, Felice Benuzzi, aliandika kitabu kuhusu safari hiyo.

Wengine hawakurudi kwao. Duki mwenyewe aliugua kifua kikuu na malaria, akafa hospitalini Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Inasimuliwa kwamba aliomba azikwe pamoja na askari wake. Baada ya vita, mabaki ya wale waliokuwa wamezikwa huku na huko nchini yalikusanywa, na kanisa hili likajengwa ili wote walale mahali pamoja. Lilimalizika mwaka 1952. Kila mwaka mwezi wa Novemba kunakuwa na misa ya kuwakumbuka.

Tulipotoka nje, mwenzangu mmoja alimuuliza mlezi swali ambalo wengi wetu tulikuwa nalo moyoni. "Mwalimu, hawa si ndio waliovamia Uhabeshi? Mbona wamejengewa nyumba nzuri hivi?" Mwalimu hakujibu haraka. Mzee aliyetufungulia mlango ndiye aliyejibu, na alijibu kwa upole. Alisema, "Kijana, hawakujengewa kwa sababu walikuwa wazuri. Walijengewa kwa sababu kwao kulikuwa na watu waliowauliza wako wapi."

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa shosho.

Tafadhali kumbuka ule mwaka wa 1952. Mwezi wa Februari mwaka huo, binti mfalme Elizabeth alikuwa Treetops, katika msitu wa Nyandarua si mbali na Nyeri, babake alipofariki, akawa malkia wa Uingereza. Mwezi wa Oktoba serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari. Basi katika mwaka uleule ambao Waitaliano walipata kaburi lenye majina, watu wa milima hii hii walianza kufa bila kaburi lolote. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka ya Hali ya Hatari, wakazikwa na serikali ndani ya magereza. Waliokufa misituni na vizuizini ni wengi kupita hao.

Kutoka Mathari tuliingia mjini. Mji wa Nyeri ulianza kama kituo cha Waingereza mwaka 1902, baada ya kuwashinda Watetu kwa bunduki. Leo una shughuli nyingi, lakini ukitembea bila haraka utaona kwamba ni mji wa makumbusho ya wafu. Nitataja manne.

La kwanza ni Kanisa Kuu la Mama Consolata, yanapohifadhiwa masalia ya Sista Irene Stefani, ambaye watu walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia aliwauguza wapagazi Waafrika huko Voi, Kilwa na Dar es Salaam. Wapagazi hao ndio waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza, na jina la kikosi chao ndilo lililoleta Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Walikufa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Sista Irene alifariki mwaka 1930 baada ya kuambukizwa tauni na mgonjwa aliyemhudumia kule Gikondi. Alitangazwa Mwenyeheri papa hapa Nyeri tarehe 23 Mei 2015.

La pili ni kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Liko katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro la Waanglikana. Juu ya jiwe lake kuna alama ya duara lenye nukta katikati. Skauti wetu walituambia kuwa maana yake ni "nimekwenda nyumbani". Maskauti kutoka nchi nyingi huja kulizuru.

La tatu ni mnara ulio mjini, wa kuwakumbuka waliokufa wakipigania uhuru. Tuliusoma mara mbili. Unawataja wote kwa pamoja. Hauna jina la mtu mmojammoja.

La nne si kaburi, ni ukosefu wa kaburi. Dedan Kimathi alizaliwa Tetu, karibu na mji huu, mwaka 1920. Alipigwa risasi akakamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Amejengewa sanamu Nairobi, na barabara na chuo kikuu vinaitwa kwa jina lake. Lakini mabaki yake familia haijapewa hadi leo. Mjane wake, Mama Mukami Kimathi, aliyaomba miaka na miaka, akafariki mwezi wa Mei mwaka 2023 kabla hajamzika mumewe.

Tulirudi jioni. Shosho alikuwa ameketi jikoni akichambua maharagwe. Nikamweleza: kila mmoja ana mahali pake, wamepangwa kwa safu, na kila mmoja ana jina. Aliuliza swali moja tu. "Hata yule mdogo wa cheo?" Nikasema ndio, hata yule mdogo wa cheo. Akatikisa kichwa, kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia lote.

Babake alichukuliwa na askari wa serikali ya kikoloni usiku mmoja mwaka 1954, shosho akiwa na umri wa miaka minne. Alipelekwa kizuizini. Hakurudi, na hakuna barua wala mtu aliyekuja kusema amekufa lini au amezikwa wapi. Sisi kwetu jina la mtu halipotei kabisa, kwa maana watoto hupewa majina ya babu zao, na baba yangu mdogo ndiye anayelibeba jina la mzee huyo. Lakini mambo mengine yote yalikuwa kichwani mwa shosho pekee: kijiji alikozaliwa, rika lake, kazi yake ya useremala, na koti la kijivu alilokuwa amevaa usiku ule, lililobaki na kifungo kimoja. Shosho ana miaka zaidi ya sabini. Je, angeondoka nayo?

Nilichukua daftari jipya nililokuwa nimenunua kwa ajili ya Kemia nikaandika kila kitu alichosema. Tulimaliza saa tano za usiku na maharagwe hayajaiva. Jina la mzee sitaliandika hapa, kwa sababu shosho alisema la kuchapishwa tungoje kwanza baba wadogo wakubaliane. Lakini nyumbani limeandikwa.

Kwa wale watakaopenda kwenda Mathari, ushauri wangu ni huu. Nendeni asubuhi ili mpate nafasi ya kufika mjini pia. Bebeni sweta, kwa sababu Nyeri ni baridi. Ulizeni kabla ya kupiga picha ndani ya kanisa. Msiyapite majina mbio mbio, someni hata matano. Mkiwa na muda, fikeni Makumbusho ya Nyeri pale Ruring'u, katika jengo lililokuwa mahakama ya Waafrika wakati wa ukoloni.

Na kwa wale ambao hawana nauli, safari nyingine haina gharama. Nyumbani kwenu au kwa jirani kuna mzee anayekumbuka mtu asiye na kaburi: aliyekwenda vitani, aliyekwenda mjini, au aliyechukuliwa. Kaa naye jioni moja ukiwa na kalamu. Sisi wa Chama cha Kiswahili tumekubaliana kila mwanachama alete ukurasa mmoja muhula ujao, na tayari kurasa tisa zimefika kwa mlezi. Asiye mwanachama pia anakaribishwa alete wake.