Eusébio: Lulu ya Msumbiji iliyong'arisha jezi ya Ureno

JINA la Eusébio da Silva Ferreira linapotajwa, wapenzi wengi wa kandanda hukumbuka mambo mawili: mabao tisa aliyoyafunga katika fainali za Kombe la Dunia za 1966, na machozi aliyoyamwaga baada ya nusu fainali. Jambo la tatu husahaulika, ingawa kwetu sisi wa Afrika Mashariki ndilo lenye uzito zaidi. Mwanasoka huyo aliyeipa Ureno fahari ambayo haikuwa imeionja kabla yake alikuwa mzaliwa wa Msumbiji, koloni la Ureno hiyo hiyo, na wakati akifumania nyavu Uingereza, wenzake wa nyumbani walikuwa msituni wakipigania uhuru.

Alizaliwa Januari 25, 1942 katika mji wa Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo, akalelewa katika mtaa wa Mafalala. Huo ulikuwa mtaa wa vibanda vya mabati na matete, ambako Waafrika waliishi pembezoni mwa mji wa saruji wa wakoloni. Baba yake, mzungu mzaliwa wa Angola aliyefanya kazi katika shirika la reli, alifariki kwa ugonjwa wa pepopunda Eusébio akiwa na umri wa miaka minane. Mama yake, Elisa, akaachiwa mzigo wa kuwalea watoto. Kama ilivyo katika mitaa mingi ya aina hiyo, mtoto huyo alijifunza kabumbu pekupeku, kwa mpira wa matambara.

Mjini humo kulikuwa na klabu zilizokuwa matawi ya vigogo wa Lisbon. Eusébio, ambaye moyo wake ulikuwa kwa Benfica, alibisha hodi kwanza katika tawi la klabu hiyo, akakataliwa. Ndipo alipojiunga na Sporting ya Lourenço Marques, tawi la mahasimu wa Benfica. Mabao yakaanza kumiminika, na habari zake zikavuka bahari. Inasimuliwa kwamba José Carlos Bauer, Mbrazili aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya nchi yake, alimwona akicheza, kisha akamdokezea mkufunzi wa Benfica, Béla Guttmann, walipokutana katika kinyozi mjini Lisbon.

Benfica haikupoteza wakati. Ilikwenda moja kwa moja kwa mama yake, ikapatana naye, na mnamo Desemba 1960 kijana huyo akapandishwa ndege kuelekea Lisbon. Katika mawasiliano yao wakuu wa klabu walimwita kwa jina la kike, Ruth, ili Sporting wasishtuke. Alipofika alifichwa kwa muda katika eneo la Algarve, huku klabu hizo mbili zikizozana kuhusu nani mwenye haki ya kumsajili. Ni kisa cha kuchekesha ukikisoma leo, lakini pia kinaonyesha jinsi kijana wa koloni alivyoweza kugombaniwa kama shehena bandarini.

Ruhusa ya kucheza ilipatikana Mei 1961. Mwezi uliofuata, katika mashindano ya kirafiki jijini Paris, Benfica ilikuwa ikipigwa vibaya na Santos ya Pelé ndipo Eusébio akaingizwa kutoka benchi. Alifunga mabao matatu. Mechi iliishia 6-3 kwa faida ya Santos, lakini gumzo lilikuwa juu ya mgeni huyo.

Mei 2, 1962, jijini Amsterdam, alipata jukwaa lililomstahili. Fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya iliikutanisha Benfica na Real Madrid ya Alfredo Di Stéfano na Ferenc Puskás. Puskás alifunga mabao matatu kabla ya mapumziko na Real ikawa mbele 3-2. Kipindi cha pili, Mário Coluna akasawazisha, kisha Eusébio akafunga mawili, moja kwa penalti na jingine kwa mkwaju wa adhabu. Benfica ikashinda 5-3. Coluna naye alikuwa mwana wa Msumbiji, kwa hivyo mabao yote matatu yaliyogeuza fainali hiyo yalitoka kwa vijana wa koloni. Eusébio, akiwa na umri wa miaka 20, aliondoka uwanjani na jezi ya Di Stéfano, shujaa wake wa utotoni.

Haikupita hata miezi miwili, Juni 25, 1962, wazalendo wa Msumbiji wakakutana Dar es Salaam na kuunda chama cha FRELIMO. Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanza, wapiganaji wakivuka mto Ruvuma kutoka Tanzania. Utawala wa Salazar uliushikilia msimamo kwamba Msumbiji haikuwa koloni bali mkoa wa Ureno ulio ng'ambo, na kwamba rangi ya mtu haikuwa na maana. Katika hoja hiyo, hakuna kilichofaa zaidi ya picha ya mshambuliaji mweusi akishangiliwa na maelfu mjini Lisbon. Yeye mwenyewe aliiepuka siasa, na ni vigumu kumlaumu. Klabu za Italia zilipomtaka kwa mamilioni, alizuiwa kuondoka. Eusébio alisimulia baadaye kwamba ni Salazar aliyekataa, kwa kuwa alimhesabu kuwa mali ya taifa.

Mwaka 1965 alitwaa tuzo ya Ballon d'Or. Ilihesabiwa kuwa ya Ureno. Ndiyo sababu George Weah wa Liberia, aliyeipata miaka 30 baadaye, ndiye anayeandikwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuishinda.

Kisha ikaja 1966. Mataifa huru ya Afrika yaliususia mchuano huo, yakilalamika kwamba FIFA haikulitengea bara lao hata nafasi moja ya moja kwa moja. Mshindi wa Afrika angelazimika kupambana tena na timu za mabara mengine. Nafasi hiyo iliyoachwa wazi iliiangukia Korea Kaskazini. Hata hivyo, Afrika haikukosekana kabisa. Katika kikosi cha Ureno walikuwemo wazaliwa wanne wa Msumbiji: Eusébio, nahodha Coluna, na mabeki Hilário na Vicente.

Ureno ilizilaza Hungary, Bulgaria na mabingwa watetezi Brazil. Katika robo fainali, Julai 23, uwanjani Goodison Park, ilikutana na hao hao Wakorea waliokuwa wameiaibisha Italia. Baada ya dakika 25, Korea ilikuwa ikiongoza 3-0. Eusébio akafunga bao la kwanza, akaokota mpira wavuni na kukimbia nao hadi katikati ya uwanja. Alifunga manne, mawili yakiwa ya penalti, kabla José Augusto kuongeza la tano. Nusu fainali ilipotea 2-1 mikononi mwa wenyeji, na ndipo alipoonekana akitoka Wembley akijifuta machozi kwa jezi. Ureno ilimaliza ya tatu, naye akawa mfungaji bora. Kichapo cha Wakorea kilimgharimu yeye pia: Italia, kwa uchungu, iliwafungia milango wachezaji wa kigeni, na mpango wake wa kuhamia Inter Milan ukafa.

Alibaki Benfica hadi 1975, akiwa na mataji 11 ya ligi na mabao 473 katika mechi rasmi 440. Goti lilikuwa limekwisha kuumia na kupasuliwa mara nyingi. Mwaka 1968, katika fainali ya Ulaya dhidi ya Manchester United, alibaki uso kwa uso na kipa Alex Stepney dakika za mwisho mambo yakiwa 1-1. Alipiga kombora, Stepney akalidaka, naye Eusébio akasimama akimpigia makofi. United ilishinda 4-1 katika muda wa ziada.

Msumbiji ilijipatia uhuru Juni 25, 1975, mwaka ule ule alioiaga Benfica. Alikwenda kusakata gozi Amerika Kaskazini, kisha akarudi kuishi Lisbon. Coluna alichagua njia nyingine: alirejea nyumbani, akaja kuongoza shirikisho la soka la nchi hiyo, ambayo haijawahi kufuzu kwa Kombe la Dunia.

Eusébio alifariki Januari 5, 2014, na Ureno ikatangaza siku tatu za maombolezo. Mwaka 2015 mabaki yake yalihamishiwa katika jengo la makaburi ya mashujaa wa taifa jijini Lisbon, mwanasoka wa kwanza kulazwa humo. Coluna alimfuata Februari 25, 2014, akafia Maputo.