Magadi Motoni: Kufundisha Ngazi za Nishati za Elektroni

Tulipokuwa Kwakoa, chini ya milima ya Upare, katika safari ya kukagua mazoezi ya kufundisha, tulifikia kwa mzazi mmoja aliyetupikia makande. Chungu kilifurika, na maji yenye magadi yakadondokea mkaa uliokolea. Papo hapo ndimi za moto, zilizokuwa za samawati iliyofifia, ziligeuka njano kali. Mtoto wa nyumba ile, mwanafunzi wa darasa la tano, akamwuliza mwanachuo tuliyefuatana naye: "Mwalimu, mbona moto umegeuka rangi?" Mwanachuo akajibu kuwa ni magadi yanayoungua. Mtoto hakukomea hapo: "Na mkaa nao unaungua, mbona wenyewe si njano?"

Mwanachuo akatutazama. Nasi tukaokota kipande cha mkaa baridi, tukachora sakafuni miduara mitatu ya atomu ya sodiamu, tukaeleza kwamba elektroni ya mduara wa tatu hurukia wa nne, kisha hurudi na kutoa rangi ya njano. Mtoto aliridhika. Sisi usiku ule hatukuridhika, kwa kuwa maelezo yetu hayakuwa sahihi, na mwanachuo alikwisha yaandika daftarini mwake. Mwalimu hufundisha miaka thelathini na zaidi. Kosa moja la daftarini huweza kupita katika vichwa vya watoto elfu moja.

Yafaa basi tulieleze jambo hili upya. Atomu ina kiini, na nje ya kiini zipo elektroni. Atomu isiyo na chaji ina elektroni sawa kwa idadi na protoni za kiini chake. Sodiamu ina 11. Elektroni hizo haziwezi kuwa na nishati ya kiasi chochote kile. Zinaruhusiwa viwango maalumu tu, na viwango hivyo ndivyo tunavyoviita ngazi za nishati. Wazo hili alilitoa Niels Bohr wa Denmark mwaka 1913, alipoeleza mistari ya rangi itokayo katika mwanga wa haidrojeni. Ngazi ya kwanza huchukua elektroni 2, ya pili 8, ya tatu 18, ya nne 32. Ukitaka kukumbuka, zidisha namba ya ngazi kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 2. Kwa hiyo sodiamu hupangwa 2, 8, 1.

Mtu aliye tambarare ya Kwakoa akiwaza mashamba ya matuta huko milimani atapata mfano mzuri. Mkulima husimama juu ya tuta hili au lile. Hawezi kusimama hewani kati ya mawili. Akitaka kupanda, lazima awe na nguvu ya kulifikia tuta zima. Akishuka, hurudisha kiasi kile kile. Katika atomu, kinachorudishwa mara nyingi hutoka kama mwanga. Ila matuta ya atomu hayalingani kimo: katika haidrojeni, kupanda kutoka ngazi ya 1 hadi ya 2 kwahitaji elektronivolti 10.2, lakini kutoka ya 2 hadi ya 3 ni 1.9 tu. Tena kila elementi ina matuta yake, na ndiyo sababu kila elementi ina rangi zake.

Hapo mfano wetu unakoma, na mwanachuo aonywe asiuburute mbele zaidi. Tuta ni mahali. Ngazi ya nishati ni kiasi. Miduara ya ubaoni si barabara ambamo elektroni huzunguka kama sayari. Elektroni haina njia iliyochorwa. Tunaloweza kusema ni wapi yaelekea kupatikana zaidi na wapi kidogo. Tuendelee kuchora miduara, kwani inasaidia kuhesabu, lakini tuseme waziwazi kwamba tunahesabu tu.

Sasa turudi kwenye kosa letu. Ngazi kubwa, isipokuwa ile ya kwanza, zina ngazi ndogo ndani yake, mithili ya tuta pana lenye vipandio. Katika magadi, sodiamu imekwisha toa elektroni yake ya nje. Ndani ya moto baadhi ya atomu huirudishiwa. Joto huipandisha elektroni hiyo kutoka ngazi ndogo ya chini ya ngazi ya tatu hadi ngazi ndogo inayofuata, ya tatu hiyo hiyo. Ikishuka hutoa elektronivolti 2.1 hivi, yaani mwanga wa njano wa nanometa 589. Kama ingepanda hadi ngazi ya nne na kushuka moja kwa moja, kama tulivyochora sisi, mwanga wake ungekuwa wa nanometa 330 hivi. Huo ni urujuanimno, na jicho la mtoto yule lisingeuona kabisa!

Ngazi ndogo hizo hizo zinajibu swali lingine linalowatesa wanachuo kila mwaka. Potasiamu ina elektroni 19. Kama ngazi ya tatu huchukua 18, mbona twaandika 2, 8, 8, 1 wala si 2, 8, 9? Ni kwa sababu ngazi ndogo ya kwanza ya ngazi ya nne iko chini kinishati kuliko ngazi ndogo ya mwisho ya ngazi ya tatu, na elektroni hujaza kwanza palipo chini.

Mtoto wa shule ya msingi hahitaji yote haya. Kwake yatosha kwamba joto limeipandisha elektroni ya sodiamu, nayo katika kushuka imetoa rangi ya sodiamu. Lakini aone kwa macho. Chukua waya safi wa chuma wenye mshikio wa mti, lowesha ncha, chovya katika chumvi, uiweke kwenye mwali wa samawati wa jiko la mafuta ya taa au taa ya spiriti. Usitumie kibatari: mwali wake ni wa njano tangu mwanzo, na njano ile ni ya chembe za masizi zinazong'aa kwa joto. Kipande cha waya wa shaba nacho kitatoa kijani. Watoto wakae mbali na spiriti, na chupa yake ifungwe kabla ya kuwasha kiberiti.

Kwa wanachuo wenyewe, zoezi liko mkononi. Chaki nyingi hutengenezwa kwa jasi, madini yachimbwayo hata Makanya, wilayani Same, na jasi ina kalsiamu yenye elektroni 20. Wazipange. Atakayeandika 2, 8, 10 asichorewe alama nyekundu upesi. Aulizwe kwanza zile mbili za mwisho ameziweka katika ngazi ndogo ipi.