Vijana wetu wanahitaji kivuli pia

Mwezi Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka. Wazazi na viongozi wa dini wengi waliunga mkono, na mzozo ukafika mahakamani. Katika kelele zote zile, swali moja halikuulizwa sana: kijana akiondolewa penye kibanda cha muguka, aende wapi?

Pita Majengo au Kisauni saa nane mchana. Nyumba nyingi ni za mabati, ndani ni joto la tanuri, na chumba kimoja hulala watu wanne au watano. Kijana aliyemaliza shule na hana kazi hawezi kushinda humo. Hutoka akaketi maskani, juu ya jiwe kando ya mtaro. Akikaa sana, majirani humwita mhuni na askari humshuku.

Hili ni suala la afya ya akili. Joto, honi za tuktuk na kukosa faragha huuweka mwili katika tahadhari isiyokwisha. Usingizi hupungua na hasira huwa karibu. Mahali penye miti hupunguza hali hiyo kwa njia kadhaa. Kivuli hushusha joto. Macho yakitazama majani hayalazimiki kukaza, na akili iliyochoka hupumzika. Uwanja humvuta mtu atembee au acheze mpira, na mwili uliochoka hulala vizuri. Pia watu hukutana pale, na upweke ukapungua.

Mwaka 2019, watafiti nchini Denmark walichapisha matokeo ya kufuatilia zaidi ya watu 900,000 waliozaliwa kati ya 1985 na 2003. Waliokulia mahali penye kijani kidogo zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa wa kupata maradhi ya akili baadaye, hadi asilimia 55 zaidi ya waliokulia penye kijani kingi, hata baada ya kuzingatia hali ya kiuchumi ya wazazi.

Huenda ukasema Denmark ni tajiri. Basi tazama mitaa ya mji wa Philadelphia, Marekani. Viwanja vitupu viliondolewa taka, vikapandwa nyasi na miti michache. Kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa 2018, wakazi wa karibu waliosema wanajihisi wenye huzuni walipungua kwa zaidi ya asilimia 40, ikilinganishwa na penye viwanja vilivyoachwa vilivyo. Mitaa maskini ndiyo iliyonufaika zaidi. Palipozolewa taka tu bila kupandwa kitu, hapakuonekana tofauti ya maana.

Mti haumpi kijana ajira, na mgonjwa wa akili bado anahitaji daktari. Lakini kinga ni bora kuliko tiba.

Mombasa tunayo Mama Ngina, iliyokarabatiwa mwaka 2019, na mibuyu yake mikongwe. Lakini kijana wa Mishomoroni anahitaji nauli ya kwenda na kurudi. Haller Park kule Bamburi ilianzishwa kwa kupanda mivinje mwaka 1971 katika machimbo ya simenti ambayo hayakuota hata jani, ila kuingia ni kwa kiingilio. Ardhi iliyokufa inaweza kufufuka. Kilichobaki ni kuileta kazi hiyo karibu na watu, bila malipo.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kaunti ianze na viwanja vya umma vilivyobaki mitaani: ivipime, ivipatie hati kabla havijanyakuliwa, ipande miarobaini na mikungu, iweke viti na taa. Vijana wa maskani wakabidhiwe kuitunza miti hiyo, kwa malipo.

Nasi misikiti na shule tuna nyua zilizo wazi. Mtume wetu (SAW) alitufunza kwamba mwenye kupanda mti, kisha akala kwao mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Kijana aliyeketi chini yake akapata utulivu, inshaAllah, naye ana fungu katika sadaka hiyo.